Mjomba, asubuhi vioo viling'aa, jioni vikaota madoa

Shikamoo Mjomba,

Naishi Tabata, nina miaka 31, mke na mtoto mmoja. Kazi yangu ni kusafisha madirisha. Nilianza kwa kuosha magari, siku moja mteja akaniuliza kama naweza kumwoshea na vioo vya ofisi yake, nikasema naweza, na huu ni mwaka wa tatu. Nina vijana wawili: mmoja mdogo wangu wa tumbo moja, mwingine mtoto wa jirani. Tunazunguka Mbezi Beach, Mikocheni, Masaki kidogo, na ofisi mojamoja Kariakoo. Vifaa vyetu ni ndoo, sabuni ya vyombo, sponji, waipa ya mpira, matambara na ngazi ya aluminiamu. Nyumba ya ghorofa moja nachukua 60,000. Vijana nawapa 15,000 kila mmoja, bajaji ya kutubeba na ngazi yetu 10,000. Kwa wiki tunapata nyumba nne, ikichangamka tano.

Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amerudi kutoka Muscat. Kule alikuwa dereva wa kampuni ya usafi. Anasema sisi huku tunafanya kazi za kizamani. Wenzetu hawapandi ngazi wala hawashiki waipa, wana mpini mrefu wa kaboni wenye brashi juu na maji yanapita ndani yake: unasugua, unasuuza, unaondoka, kioo kinakauka chenyewe. Seti kama hiyo ameiona kwa mtu anayeleta vifaa kutoka Dubai, milioni sita na nusu. Yeye atatoa milioni mbili, zilizobaki nikope kwenye kikoba cha mke wangu. Mke wangu yuko upande wa kaka yake.

Ili nione kwa macho, shemeji akaazima mpini wa namna hiyo, tukaenda nao Mbezi Beach kwa mama mmoja, mteja wangu wa mwaka mzima. Tukaunga mpira kwenye bomba la uani, maji ya kisima chake. Mjomba, kazi ya nusu siku iliisha kwa saa moja na nusu! Vioo vinang'aa, mama anacheka, akasema hela atanitumia jioni kwa simu. Jioni badala ya hela ikaja picha. Kila kioo kina vidoa vyeupe kama kimetemewa maziwa. Ikafuata picha ya pili: kioo cha sebuleni, vile vya kujiona ukiwa nje, kina mikwaruzo. Kilikuwa na matone ya rangi ya mafundi, mdogo wangu akayakwangua kwa wembe. Mama hatoi hela na anataka kioo kipya.

Shemeji anasema madoa yanatokana na sabuni yetu ya siku za nyuma, tukirudia mara mbili tatu yataisha. Mdogo wangu anasema mpini ni utapeli. Ninunue au nisinunue? Na huyu mama nimfanyeje, maana ndiye aliyenipeleka kwa majirani zake watatu? Halafu kuna vioo vya juu ambavyo ngazi haikai vizuri. Hapo mdogo wangu husimama kwenye kingo ya dirisha, mkono mmoja kwenye grili, mwingine na waipa. Shemeji anasema mpini utatuondolea hilo, na kusema kweli hapo naona ana hoja.

Kijana wa vioo, Tabata

*

Marahaba mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama kwenye maneno yaleyale: kisima chake. Jibu lako karibu lote limo humo.

Unapotumia waipa, unalowesha kioo, unasugua, halafu unayavuta maji yote hadi chini na kuyafuta kwa tambara. Maji yanaondoka na kila kilichomo ndani yake. Hata yakiwa ya chumvi, chumvi inaishia kwenye tambara lako. Kwa mpini hakuna anayefuta. Maji yanabaki kiooni, jua linayanywa, lakini jua halinywi chumvi wala chokaa. Vinabaki palepale tone lilipokuwa. Ndiyo maana saa nne asubuhi mama alicheka na jioni akakutumia picha.

Chukua kisima ambacho kila lita moja ina gramu moja ya chumvi na madini, yaani 1,000 kwenye kipimo kinachoitwa TDS. Visima vya ukanda wa pwani vya namna hiyo si vya kutafuta kwa tochi, bahari iko karibu na inaingia ardhini. Tuseme ukishasuuza dirisha kubwa, kinachobaki kimeng'ang'ania kioo ni robo ya glasi. Hapo umemwachia mteja kama sehemu moja ya ishirini ya gramu ya unga mweupe, umeutawanya vizuri, tone hadi tone, na yeye amekulipa kwa kazi hiyo. Tena huyo wako hakulipa.

Shemeji yako hakudanganya. Kifaa hicho kipo na kinafanya kazi kweli. Ila mkalishe chini kwa upole, maana ni shemeji, umuulize: pale Muscat, nyuma ya gari ulilokuwa unaendesha kulikuwa na nini? Kama lilikuwa gari la kazi hiyo, alikuwa amebeba tangi na mitungi ya kuchuja. Oman maji ya bomba mengi ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi kiwandani, na hata hayo msafisha vioo wa mpini huyachuja tena hadi kipimo kikaribie sifuri. Wengi wakiona kimezidi 10 wanabadilisha dawa ya kuchujia, zile chembe za mtungini zinazonasa madini. Shemeji aliuona mpini kwa sababu unanyanyuliwa juu watu wote wautazame. Mitungi inakaa gizani kwenye buti.

Kuhusu sabuni ya zamani ana robo ya ukweli. Sabuni iliyoganda kwenye kioo na kwenye mipira ya fremu inaweza kuharibu mizunguko ya kwanza ya mpini. Lakini sabuni huacha michirizi na ukungu. Vidoa vya duara vyenye ukingo mweupe ni maji. Mkirudia mara tatu kwa kisima kilekile mtakuwa mmeweka tabaka tatu.

Kwa hiyo kabla ya milioni sita na nusu, nunua kipima TDS. Ni kidude kama kalamu, unachovya majini, kinakupa namba. Tembea nacho mfukoni. Kila nyumba unayokwenda, pima, andika kwenye daftari. Na uliza bomba unaloonyeshwa linatoka wapi, kwa sababu mjini kwetu maji ya bomba ya DAWASA na ya kisima mara nyingi yanamwagwa kwenye tangi moja, na mwenye nyumba mwenyewe hajui leo anaoga yapi. Hayo ya DAWASA, ya mto Ruvu, yakija peke yake ni afadhali sana kuliko kisima, lakini nayo usiyaache yakaukie kioo cha mtu.

Muulize pia huyo muuzaji wa Dubai, seti yake ina nini ndani. Kama ni mpini, brashi na mpira tu, umeuziwa nusu ya mtambo. Kama ina mtungi wa dawa ya kuchujia pekee, mwambie akupigie hesabu kwa maji ya 1,000. Mtungi wa lita 25 za dawa hiyo, kwa maji mabaya namna hiyo, unachoka baada ya lita mia sita hivi. Mpini unakunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa dakika. Kazi ya saa mbili ni lita 180 hadi 240. Nyumba tatu, dawa imekwisha, na dawa nyingine uagize nje. Kwa kisima chako unahitaji kwanza mashine ya kuchuja kwa presha, ile ya kukamua maji kwenye utando, ndipo mtungi umalizie. Mashine hiyo inataka pampu, inataka umeme, na kwa kila lita safi inamwaga nyingine moja au zaidi ikiwa chumvi tupu. Utamwagia wapi, kwenye bustani ya mama?

Sasa tuingie kwenye hela, kwa namba ulizonipa wewe. Unachukua 60,000. Toa 30,000 ya vijana na 10,000 ya bajaji, zinabaki 20,000. Sabuni na matambara sijavigusa. Milioni sita na nusu ukigawa kwa 20,000 ni nyumba 325. Kwa nyumba nne kwa wiki ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na katika muda wote huo wewe hujala, mtoto hajavaa, kikoba hakijadai riba. Na wewe mwenyewe, mpwa wangu, siku ile umejilipa shilingi ngapi? Sijaona mahali ulipoandika. Mwenye kazi anayeishi kwa kinachobaki baada ya wote kulipwa hana faida, ana chenji.

Bei yako ndiyo inayoumwa kabla ya kifaa chako. Acha kuhesabu nyumba, hesabu madirisha, na yaangalie yalivyo. Dirisha la slaidi lisilo na kitu ni bei moja. Lenye grili nje, ambalo unapenyeza mkono kwenye kila tundu, linakula muda mara mbili. Luva usiniambie, kila kipande ni kioo chenye pande mbili. Na nyavu za mbu: mteja anadhani zimo kwenye bei, nawe unadhani hazimo, mwisho mnaziacha na vumbi lake, mvua ya kwanza inalishusha lote kwenye kioo mlichosafisha. Zitoe, zipige brashi kavu, zioshe, na zitaje kwenye bei.

Hizo grili ni sababu nyingine ya kutokimbilia mpini. Brashi yake ni pana kama ya kufagilia, haipiti kwenye nondo. Kwenye nyumba zetu nyingi utakuwa umenunua kifaa cha kuoshea grili. Panapoufaa ni kwenye ofisi na maduka yenye ukuta wa kioo, hoteli, shule, majengo ya ghorofa mbili tatu yasiyo na nondo, tena yanayokuita kila mwezi. Ukishapata mikataba ya namna hiyo minne mitano iliyoandikwa, nirudie tuongee mashine. Kwa sasa una wateja wa nyumbani, na nyumba zao zinataka mkono.

Mimi nilisimamia usafi kwenye hoteli ya ufukweni miaka mingi, na waipa nzuri sijaona kilichoishinda kwa kazi ya karibu. Kile kifaa alikisajili Mwitaliano mmoja, Ettore Steccone, kule Oakland, Marekani, mwaka 1936, na hadi leo kimebadilika kidogo sana. Kinachowashinda watu ni mpira wake. Pitisha kidole ukingoni: ukiona umekuwa wa mviringo au una pengo, chomoa, geuza upande wa pili, baada ya hapo tupa. Vijana wengi wanaulaumu mkono wakati mpira umekufa tangu mwezi jana. Na sabuni punguza. Matone machache kwenye ndoo ya lita kumi yanatosha, povu likikufika kwenye kiwiko unapika, husafishi.

Nunua na mpini wa kawaida wa kurefushwa, ule wa vipande viwili au vitatu, unaofungwa waipa na sponji kichwani. Ukiwa umesimama chini unafika vioo vingi vya ghorofa ya kwanza, na maji unayavuta mwenyewe, hayakauki kiooni. Inataka mazoezi. Jifunzie kwenye ukuta wa kioo wa mtu mwenye subira.

Maji mazuri ya bure unayo, huyaoni. Kiyoyozi kinadondosha maji mchana kutwa, na maji hayo ni unyevu wa hewa tu, karibu hayana madini. Siyo ya kunywa, ila kinga ndoo, chuja kwa kitambaa, pima kwa kile kipimo chako. Maji ya mvua pia: acha mvua ya kwanza ioshe bati, ndiyo ukinge. Tumia hayo kulowesha mara ya mwisho kwenye vioo vya sebule, vile ambavyo mwenye nyumba anavitazama akinywa chai.

Sasa huyo mama. Usimpigie simu, nenda. Nenda mwenyewe bila shemeji, umwambie bila kuzunguka: mama, nilitumia njia ambayo sikuijua, maji yamekauka kiooni, nimekuja kurudia, sitaki hela ya kurudia. Sehemu ya madoa ni chumvi ya kawaida, itaondoka kwa maji na sponji tu. Yanayogoma ni chokaa. Changanya siki nyeupe nusu na maji nusu, lowesha kitambaa, kibandike juu ya doa dakika chache, sugua taratibu, suuza, vuta kwa waipa. Anza na kona moja uone. Angalia siki isidondokee kingo ya marumaru au terazo, inaila. Na atakayekushauri maji ya betri au ile asidi ya vyoo mwambie ahsante halafu usimsikilize, fremu za aluminiamu hazitakusamehe. Wahi lakini, kwa sababu chokaa ikikaa kiooni kwa miezi inakichimba, na hapo siki haisaidii tena.

Ule mkwaruzo ni habari nyingine. Kioo cha kujiona kina utando wa metali, na kwenye baadhi ya vioo utando huo uko upande wa nje kabisa. Wembe unauvua kama unavyomenya karoti. Hakuna polishi ya kuurudisha. Kuna jaribio la sekunde tatu ambalo kila kijana wako alijue: weka ncha ya kalamu kwenye kioo na utazame kivuli chake ndani. Ikibaki nafasi kati ya ncha na kivuli, utando uko upande wa pili. Ncha na kivuli vikigusana, utando uko hapo unapogusa, na wembe urudi mfukoni. Tena hata vioo vilivyoimarishwa kwa moto kuwa vigumu, vyenye chapa ndogo pembeni, wembe unaweza kuvichora, maana wakati mwingine hutoka kiwandani na chembe ndogo zimeganda juu. Na kioo chenye tinti ya kubandika ndani, usikikaribie kwa wembe kabisa.

Kioo cha mama utalipa wewe. Inauma, lakini mdogo wako alishika wembe akiwa kazini kwako. Mwombe akuruhusu utafute fundi wa aluminiamu mwenyewe, akupe bei ya kipande hicho kimoja, na ile 60,000 aliyoishikilia iingie humo. Wenye nyumba wengi wakiona umekuja na fundi na futi ya kupimia, sauti inashuka. Kuanzia sasa, kabla hujagusa maji, zunguka nyumba na mteja, piga picha kila mkwaruzo, kila tone la saruji, kila mpira uliopasuka, mtumie hapohapo kwa WhatsApp. Ukifanya hivyo, ule usemi wa "hiki kioo kilikuwa kizima" hautakukuta.

Nimeliacha la mdogo wako kusimama kwenye kingo kwa sababu nikilianza mwanzo nisingeandika mengine. Likome leo. Kioo ambacho ngazi haikifikii na mpini wa kurefusha haukifikii, mwambie mteja hicho hukifanyi, punguza bei yake kwenye hesabu, basi. Ngazi nayo iegemee vizuri: kwa kila mita nne kwenda juu, miguu yake iwe mita moja kutoka ukutani, na mtu aishike. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inakutaka usajili sehemu yako ya kazi OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na mwajiri anatakiwa kuwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Unaona wewe ni mdogo, lakini una vijana wawili unaowalipa. Nenda kaulize.

Na hoja ya shemeji kwamba mpini wa kaboni utawaondolea hatari: unaondoa ya kuanguka, unaleta nyingine. Kaboni inapitisha umeme. Mpini wa mita nane uliolowa maji, na waya za TANESCO zinazoingia nyumbani zinapita juu ya ua. Siku ile mliyojaribu, kuna aliyetazama juu?

Shemeji usimwache mikono mitupu. Kama ile milioni mbili anayo kweli, mwambie aingie nayo: kipima TDS, waipa mbili nzuri na mipira ya akiba, mpini wa kurefusha, ngazi ya pili, na chenji itabaki kubwa tu. Halafu mpe kazi aliyoiona Muscat, ya kutafuta ofisi zenye kuta za kioo. Yeye anajua kuongea, hilo nimeliona hata kwenye barua yako.

Mbezi Beach nenda kesho, alfajiri. Asubuhi anza na upande wa magharibi, wa mashariki uuache hadi jua lihame, maana kioo cha moto kinakausha maji kabla hujafika chini. Siki chukua chupa mbili.

Mjomba